Vibyongo vya Bustani ya Mfalme

Mtaa wa Kinu cha Hariri,
Pralonga, Piemonte.
17 Novemba 2019

Mpendwa Mjomba Secondo,

Shikamoo mjomba. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umelala, na kama umelala basi iwe ni usingizi wa mchana wa mtu aliyeshiba. Huko kwenu Rosario, Argentina, najua maua yanachanua sasa hivi na watu wameshaanza kulalamika joto. Huku ukungu umetanda tangu Sikukuu ya Watakatifu Wote, na kutoka dirishani kwangu siuoni hata mnara wa kanisa.

Goti linaendeleaje? Na kifua? Masikio sikuulizi, maana nayajua, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu badala ya simu. Mara ya mwisho nilipokupigia nilipaza sauti mpaka mbwa wa jirani akaitika, na wewe ukanijibu kwamba ndiyo, bei ya nyama imepanda. Binamu Graciela, najua ni wewe unayemsomea. Msomee polepole, na usiruke mahali.

Mjomba, Graciela ameniambia kwamba tangu mkaza mjomba Nélida atutoke, unaisukuma sahani mbele, unafyonza yale majani yenu machungu kwa mrija, kisha unasema umeshiba. Nitalirudia jambo hilo. Kwa sasa jua tu kwamba limenichoma.

Sisi huku tunajikongoja. Kaka yangu Piero ameacha kuendesha lori, lakini mdomo wake haujastaafu. Mimi ni mzima wa mwili. Mkate nauoka mwenyewe, ngazi napanda bila kushika ukuta, na hasira zangu unazozijua ziko pale pale.

Habari ya Mama ndiyo ngumu. Dada yako yu hai, anatembea, nywele zake anasuka mwenyewe kila asubuhi. Ila mwenyewe hayupo. Mimi ananiita "bibie", kama mtu anayemwita mwuza duka asiyemfahamu. Hilo nilishalizoea, mtu huzoea yote. Nisiloweza kulizoea ni kwamba tangu mwisho wa kiangazi ameacha kula. Si kwamba hana njaa. Ukimwekea sahani anaitazama, anameza mate, kisha anaisogeza kando na kusema, "Mtoto hajala." Ukimwuliza mtoto gani, anageukia dirisha. "Nipelekeni nyumbani. Mtoto hajala."

Tulidhani anamsema Piero. Basi kila adhuhuri Piero akawa anakuja, anaketi mbele yake na kula kwa mikono miwili kama yuko mashindanoni, huku akisema, "Mama, tazama, mtoto anakula." Mama alimtazama siku moja mpaka akamaliza, akaniambia mimi, "Bibie, huyu mzee kwao hawapiki?"

Tulicheka. Lakini nguo za Mama zinamvuka mabegani, na daktari si mtu wa kucheka. Amesema hali ikiendelea hivi hadi karibu na Krismasi, atapelekwa kwenye nyumba ya wazee ya masista, awekewe mpira wa puani. Piero ameshakwenda kukitazama kitanda. Anasema ni pasafi. Mama alishaniapisha zamani, akili yake ikiwa timamu, kwamba nisimwache afie kwa watu. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Mimi nimeelemewa, mjomba, na sioni haya kukuambia.

Sasa nikueleze habari ya kasri.

Wewe uliliacha likiwa na njiwa ndani, paa limetoboka, na majina ya wanajeshi yamechorwa kwa misumari mpaka kwenye milango. Leo usingelijua. Wamelitengeneza muda wote ambao Piero aliendesha lori, na sasa limekwisha, lina rangi ya siagi nje, dhahabu ndani, na bustani imerudishwa ilivyokuwa enzi za wafalme. Watu wa Torino wanakuja na kamera zao wanasema ni mtindo wa Baroko, na neno hilo wanalitamka kana kwamba wamelipika wenyewe asubuhi.

Siku ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 mwezi huu, halmashauri ya mji iliwaalika wote waliopata kuishi humo baada ya nyumba za mjini kupigwa mabomu. Hebu fikiri, wakachagua Mtakatifu Martino, siku ambayo tangu mababu ndiyo siku ya wapangaji kufungasha na kuhama. Aliyeichagua ama ana akili sana ama hana kabisa.

Ni Piero aliyesema, "Ornella, anaposema nyumbani anasema kasri. Tumpeleke. Akishaona pamekaa vizuri, moyo utatulia, atakula." Sikuwa na dawa nyingine, nikakubali. Na nikiri, nilikubali kwa furaha. Nilimpigia Mama pasi koti lake la kanisani, akalivaa, kisha akadai aproni yake ya jikoni aifunge juu ya koti. Nikambishia. "Bibie," akasema, "mimi naenda nyumbani, siendi harusini." Aproni ikafungwa.

Tulipofika hakuitazama ngazi kuu ya marumaru wala mlango mkubwa. Alitushika mikono, akatuzungusha nyuma, upande wa mazizi, akitembea haraka kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Akasimama mbele ya ukuta. Ukuta mtupu, laini, umepakwa rangi. Akabisha hodi. Akangoja, akabisha tena kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini, "Wamefunga kwa ndani." Nadhani pale ndipo ilipokuwa ngazi ya watumishi mliyokuwa mnapandia ninyi. Nikamsifia rangi ya ukuta.

Msichana mmoja mlinzi, jina lake Samanta, mtoto wa hapa hapa mjini, alituona akatupitisha mbele. Hivyo dada yako akapanda ngazi ya wafalme, na Piero nyuma yake ameinama, anasema, "Mtukufu Malkia, angalia usijikwae."

"Funga mdomo," Mama akamjibu, "nzi ataingia."

Chumba chenu alikijua, mjomba. Vyumba vyote vinafanana, vyote dhahabu na vioo, lakini alipofika kwenye kile alisimama katikati akainua uso darini. Malaika wako pale pale. Masizi yote yametoka, mashavu yao ya waridi, na yule aliyekuwa juu ya kitanda chako, yule wa mguu uliokatika uliyekuwa unamwogopa, amepewa mguu mpya. Mama aliwatazama muda mrefu.

"Nani amewaogesha hawa?" akauliza.

"Mafundi, bibi," Samanta akasema.

"Na jiko liko wapi?"

"Jiko gani, bibi?"

"Jiko letu. Bomba lake lilitokea pale dirishani."

Samanta akajibu kwa upole kwamba hapa palikuwa chumba cha kuvalia cha malkia. Mama alimkazia macho. "Malkia gani? Hapa tulikaa sisi na akina Bertolusso, blanketi katikati. Mzee Bertolusso alikoroma mpaka malaika walitaka kuhama. Wewe ni mtoto wa nani hata usijue?"

Samanta akawa mwekundu, akataja jina la babu yake. Mama akasema anamjua, mwizi wa kuni. Piero alicheka mpaka akashika ukuta, akaambiwa ukuta haushikwi.

Kuna ubao wa maelezo pale mlangoni. Nimeusoma wote. Umeeleza habari za malkia watatu, ushonaji wa mapazia na asili ya vioo. Chini kabisa pana mstari mmoja unaosema kwamba baadaye jengo lilitumika kwa shughuli nyingine. Shughuli nyingine ndiyo ninyi, mjomba. Nilitamani kuung'oa.

Hata hivyo Mama alikuwa na uso uliochangamka, na mimi nikaanza kupanga moyoni kwamba tukifika nyumbani nitampikia mchuzi wa kuku. Ndipo akaenda dirishani, akatazama bustani.

Pale mlipokuwa na vijishamba vyenu sasa pana vichaka vya kijani vilivyokatwakatwa kwa mapambo, njia za changarawe na chemchemi ya maji. Lakini ilikuwa Novemba, na watunza bustani walikuwa wametoka tu kupanda vitunguu vya maua ya tulipu kwa ajili ya masika. Kati ya vichaka, udongo ulikuwa umetifuliwa na kuinuliwa matuta marefu, meusi, mabichi. Hata wewe ungekosea. Yalikuwa kabisa matuta ya vibyongo, ile mboga yetu ya kufukia.

Huku bado tunafanya vile vile. Mboga ikishakuwa ndefu tunaikunja mgongo, tunaifukia ingali hai, na baridi ikija tunaifukua ikiwa nyeupe, tamu, imepinda kama mzee, tayari kuchovywa kwenye mafuta ya moto ya vitunguu saumu na samaki wa chumvi. Na mkono uliofukia ndio unaofukua. Mwingine akigusa, mboga inakuwa chungu. Mimi mwenyewe sijawahi kuivunja miiko hiyo, ingawa shamba langu ni balkoni tu.

"Vimeshakuwa tayari," Mama akasema dirishani. "Na mimi nimekaa tu."

Akashuka. Sisi tukamfuata tukidhani anataka kutembea. Alipofika bustanini alivuka kichaka kwa mguu mmoja, kisha wa pili, akapiga magoti kwenye tuta la mfalme na kuanza kufukua kwa vidole. Filimbi ikalia mahali fulani. Alitoa kitunguu cha kwanza, akakipangusa, akakinusa, akakitia kwenye aproni. Akatoa cha pili.

"Vidogo mwaka huu," alijisemea. "Baridi imeviwahi."

Mkuu wa walinzi alikuja mbio, baba mmoja mnene mwenye redio kifuani. "Bibi, toka humo tafadhali. Bibi, hairuhusiwi." Mama hakugeuka. Piero akajaribu, "Mama, twende, tutanunua sokoni." Watu wa Torino walisimama, na mmoja akainua kamera, mpaka Piero alipomtazama.

Mama akasema, bado anafukua, "Msigombane, nitawagawia. Lakini kwanza mtoto. Secondo hajala tangu jana, na mama yuko kiwandani."

Basi mtoto ni wewe, mjomba. Tangu kiangazi anakungoja wewe ule kwanza.

Nilisimama kwenye changarawe na mkoba wangu, mtu mzima na mvi zangu, na sikuwa na lolote la kufanya. Nikafanya lililo baya kabisa. Nikamwambia kweli. "Mama, Secondo sasa ni mzee. Yuko Argentina. Ana wajukuu."

Sijapata kuona hofu kama ile kwenye uso wa mtu. "Argentina?" akasema. "Nani kampeleka? Nimemwacha kitandani sasa hivi." Akataka kuinuka aende kukutafuta juu, miguu ikamkatalia, akaangukia viganja. Akabaki hivyo, mikono na magoti kwenye udongo, analia bila sauti. "Nilipewa mimi nimwangalie," alisema. "Nilipewa mimi."

Nikaingia kwenye tuta, nikapiga magoti karibu naye na kuanza kufukua pamoja naye, maana sikujua jingine. Akanipiga kofi mkononi. "Aliyefukia ndiye afukue," akasema, na alikuwa na haki. Hata katika hilo sikuweza kumsaidia.

Ndipo ikanitoka tu. "Secondo ameshakula."

Akatulia. "Kala nini?"

"Polenta na maziwa."

"Nani kampa?"

"Mimi."

Akanitazama uso mzima, taratibu, na kwa nukta moja nilitumaini. Kisha akauliza, "Kwani wewe nani?"

"Jirani," nikasema.

"Wa akina Bertolusso?"

"Ndiyo."

Alinishika mikono yote miwili kwa mikono yake yenye udongo. "Mungu akulipe, jirani. Kumbe mna roho nzuri. Nitawarudishia tukipata." Akaniruhusu nimwinue. Yule mkuu wa walinzi alifungua mdomo aseme habari ya vitunguu vilivyo kwenye aproni, Samanta akamvuta mkono wa koti, wote wawili wakageuka kutazama chemchemi. Tukatoka mlango wa mbele, na tulipu za mfalme kwenye aproni.

Jioni ile Mama alikula. Sahani nzima ya polenta, na mkate akafutia. Nilikwenda kulia kwenye karo la vyombo, na Piero akatoka nje kutazama injini ya gari isiyokuwa na tatizo.

Laiti barua ingeishia hapo. Siku iliyofuata aliuliza, "Secondo kala?" Nikasema kala, wali na supu. Akala. Kesho yake nikasema yai. Akala. Lakini yeye amepoteza miaka tu, ujanja bado anao. Siku ya nne aliweka kijiko chini. "Kila siku unaniambia kala, kala. Mbona simsikii? Mtoto akishiba hupiga kelele." Jana amekula nusu sahani. Leo vijiko vitatu, kisha akaenda kusimama dirishani. Uongo wangu umeanza kuisha ladha, mjomba, na sijui kutunga mwingine. Nimewaza kumwonyesha picha yako, lakini ataona mzee mwenye masharubu. Nimewaza sauti yako, lakini ni sauti ya mzee. Mtoto anayemtaka sina pa kumtoa. Na kitanda cha masista Piero ameshakiwekea jina.

Jambo moja tu limefaa. Majuzi alipogoma, nilimwambia kilichonijia kichwani, kile ambacho Graciela alikuwa ameniandikia kwenye simu, kwamba umekataa samaki kwa kuogopa miiba. Mama aliguna, kisha akacheka. "Ndiye huyo," akasema. "Ndiye Secondo wangu. Umempa viazi basi?" Nikasema nimempa, amevimaliza. Akala yote. Viazi nilivitunga, mjomba. Graciela aliniandikia kwamba siku ile hukula kitu.

Sikuombi uje. Kwa kifua hicho ndege itakumaliza, na ukifika hatakujua. Ninakuomba ule. Ule hata kidogo, na Graciela aniandikie kila siku ulichokula, na vile vitu vidogo vidogo: kama supu ilikuwa na chumvi, kama umeunguza ulimi, kama umeficha karoti chini ya mkate. Nikimwambia yaliyo kweli anayajua, sijui kwa njia gani, ila anayajua. Labda itafaa wiki mbili. Labda haitafaa hata moja, na nitamvika koti lake la kanisani nimpeleke kwa masista, na atanishukuru njiani kama jirani. Sijui. Nimechoka kujifanya najua.

Vile vitunguu viko kwenye bakuli dirishani. Haturuhusiwi kuvigusa. Anasema ni vyako.

Nisalimie Graciela na watoto wake, na mkilifikia kaburi la mkaza mjomba Nélida, liwekeeni ua kwa niaba yangu. Piero anakusalimu, anasema malaika wako sasa ana miguu miwili, kwa hiyo ukimwota, kimbia. Samanta naye anakusalimu ingawa hakujui. Amekuja kutuona mara mbili.

Mungu akulinde mjomba, akupe pumzi ya usiku na hamu ya mchana, na mkono wa kuinua kijiko.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye sana, na jirani yenu wa upande wa pili wa blanketi,

Ornella